Programu ya Maji ya Kiongoroni

Nyumbani kwake jirani yetu alibadilisha kila kitu. Wiki hii kitanda kiko dirishani, wiki ijayo kiko nyuma ya mlango. Alipochoka na jiko la mkaa alinunua la mafuta ya taa, alipochoka na la mafuta akarudia kuni, na sufuria zake zilihama chumba hadi chumba kama wapangaji waliofukuzwa. Aliolewa na kuachika zaidi ya mara moja. Mtani wake, mzee wa Kimatumbi aliyekuwa akishika simu ya upepo pale kituo cha afya cha Kibiti, alipenda kumwambia mbele za watu kwamba hata waume aliwahamisha kama sufuria.

"Niliuliza kwanza kama kuna anayewatumia," alimjibu. "Nikakuta hakuna."

Watu wakacheka, naye akarudi kwenye kompyuta zake, ambako hakuhamisha hata unyoya.

Kazi yake ilikuwa kiini. Kila mfumo endeshi una sehemu iliyo chini kabisa, ambayo anayeandika barua au kupiga hesabu haioni. Programu haishiki mashine kwa mikono yake. Ikitaka kuhifadhi kitu, ikitaka kujua saa, huomba, na kiini hujibu. Mimi alinieleza kwa kivuko cha Ndundu, zama ambazo daraja halijajengwa. Alisema abiria anayetoka Ikwiriri kwenda kusini hajui injini ya pantoni inakula nini. Anajua tu kwamba ukipanda huku, unashuka kule. Siku nahodha akiamua kuwashusha mahali pengine, hata kama ni pazuri zaidi na pana kivuli, wenyeji wao wanawangoja palepale pa zamani.

Niseme mapema, nisije nikaonekana namremba. Huyu ndiye mwanamke aliyemuua dada yangu. Neno hilo ni lake mwenyewe. Mimi sikuwahi kulitamka, na mama yangu hakuwahi kulikanusha. Miaka yote niliyomfahamu baada ya msiba ule, alikuwa akitafuta jambo moja tu duniani, mama amhalalishie, na mama alikuwa ng'ambo ya ua wa makuti, akisikia kikohozi chake kila alfajiri.

Alitoka Dar es Salaam miaka ile mashirika ya umma yalipokuwa yakiuzwa. Alifanya kazi katika chumba cha kompyuta cha shirika moja kubwa. Wenye mali wapya walipoingia, walimpunguza yeye na wenzake, na mitambo ya zamani ikatupwa uani. Akapakia ile iliyotupwa kwenye lori la viroba, akaja nayo Kibiti. Kisha akachukua kiini ambacho watu wa nchi za mbali walikuwa wakikitengeneza na kukigawa bure, akakipunguza hapa, akakishonea kiraka pale, hadi kikakaa kwenye mashine chakavu kama kanzu iliyokatwa kwa kipimo. Kituo cha afya kilikitumia. Shule ya sekondari ilikitumia. Wafanyabiashara wa mpunga na ufuta wa Ikwiriri walikitumia bila kujua kuwa kipo, na hivyo ndivyo alivyopenda.

Mashine zilikufa ovyo, kwa joto na kwa umeme wa kukatikakatika, na kila iliyokuja kutoka Kariakoo kushika nafasi yake ilikuwa na vifaa ambavyo kiini cha jana hakikuvijua. Kwa hiyo kiini kililazimika kubadilika kila mara, wakati programu zilizokaa juu yake zilikuwa zilezile, nyingine zimeandikwa na watu waliokwisha kuhama au kufa. Maisha yake yote ya kazi yalikuwa katika ufa huo mwembamba: chini kila kitu kinabadilika, juu mtu asisikie hata mtikisiko.

Alikuwa na misemo, na mingi aliitunga mwenyewe. "Mgeni akizoea kijiko kilichopinda, usimnyooshee anakula." Huo aliusema karibu kila wiki. Mwingine aliusema akiwa amechoka, miguu ndani ya beseni la maji ya chumvi: "Kiini hakina haki. Kina wajibu tu."

Nakumbuka tajiri mmoja wa mpunga alivyokuja na hasira. Jirani alikuwa amempelekea kiini kipya, na kuanzia hapo programu yake ya ghala ikawa inaanguka kila jioni. Alikuja na mpwa wake aliyesoma chuo mjini, kijana mwenye suruali ya kupangusia barabara, na tajiri alisema maneno mengi juu ya wanawake na mitambo ambayo sitayaandika. Jirani alikaa akachunguza. Kumbe programu ile tangu zamani ilikuwa na kasoro, ilifunga faili lilelile mara mbili. Kiini cha zamani kilinyamaza, kipya kikaona ni kosa na kuifukuza. Mpwa alifurahi kwelikweli.

"Si unaona shangazi? Kosa ni la programu. Kiini chako kiko sawa."

"Jana ilikuwa inafanya kazi?"

"Ilikuwa inafanya."

"Na leo?"

"Haifanyi."

"Kati ya jana na leo, mwanangu, nani amebadilika?"

Jirani akamgeukia tajiri, akamwambia kosa ni langu, nisamehe, kesho asubuhi itakuwa kama zamani. Na ikawa. Alikifundisha kiini kunyamaza tena. Tajiri yule aliondoka akiamini kwamba amemshinda mwanamke mjeuri, na jirani alimwacha aondoke na imani yake.

Msidhani alikuwa mpole. Kwa watu alikuwa na ulimi wa pilipili kichaa. Wauza samaki walimkwepa, na muadhini aliwahi kusemwa vibaya kwa sababu ya kipaza sauti kilichokwaruza. Aliwahi kunirudishia hadithi yangu ya kwanza akisema nimeandika mvua kurasa nzima na hakuna hata mtu mmoja aliyelowa. Uvumilivu wake wote aliuweka kwa programu, na kwa watu alibakiza makapi. Au labda ni kwamba aliwaona watu wazi zaidi pale walipokuwa hawapo mbele yake. Akiwa peke yake na mashine, aliwafikiria mmoja mmoja: karani wa shule anayebonyeza kitufe fulani kwa sababu amezoea, muuguzi ambaye hasomi maandishi yote bali hutazama tu yanapokaa. Hao aliwahurumia hadi usingizi ukamruka.

Daraja la Rufiji lilipofunguliwa tulikwenda wote kulitazama. Watu walipiga vigelegele, mabasi ya Lindi yakavuka bila kusimama. Yeye alishuka hadi gatini, akakuta wanawake waliokuwa wakiuzia abiria wa pantoni samaki na wali, wamekaa na masinia yao yamefunikwa. Alinunua samaki wengi kuliko alivyoweza kula. Njiani kurudi alisema daraja ni zuri, wamefanya kazi ya kutukuka, ila hakuna aliyekwenda kuwauliza wale. Halafu akageuza uso dirishani, nami nikajua kwamba hafikirii tena samaki, anamfikiria dada yangu.

Sasa nieleze saa ya kiini chake, ulikotoka msiba wetu.

Sisi, jua likishachomoza, tunaanza kuhesabu: saa moja, saa mbili. Na siku yetu huanza jua linapozama, ndiyo maana Alhamisi usiku kwetu ni usiku wa Ijumaa. Mashine walizotengeneza wenzetu huanza kuhesabu katikati ya usiku. Jirani alipokitengeneza kiini chake cha kwanza, hakukuwa na mtu wa kumridhisha isipokuwa watu wa hapa, basi akakifanya kijibu kama sisi. Mashine ya Kibiti ikiulizwa saa, ilijibu kama ambavyo mama yangu angejibu akiwa jikoni.

Juu ya kiini hicho, mwalimu wa hesabu wa sekondari, mtu wa kisiwa cha Mafia aliyeyajua maji, aliandika programu ya kituo cha afya. Kazi yake ilikuwa ndogo. Kijiji cha delta ya Rufiji kikipiga simu ya upepo kwamba kuna mgonjwa, programu iliuliza kiini siku na saa, ikapiga hesabu ya maji kujaa na kupwa, ikatoa karatasi: boti ya wagonjwa iondoke bandari ya Nyamisati saa fulani, mkondo utapitika. Wasiojua kule wasidhani ni jambo dogo. Maji yakipwa, njia ya kwenda kijiji cha Kiongoroni ni tope na mizizi ya mikoko. Yakijaa, hiyohiyo ni mto. Baina ya kujaa na kupwa ni saa sita, na baina ya saa yetu na saa ya mashine za wenzetu ni saa sita vilevile.

Mwalimu alihamishwa mbali, akafia huko. Diski yenye maandishi ya asili ya programu iliota ukungu. Ikabaki programu yenyewe tu, ile iliyokwisha kupikwa, ambayo mashine huielewa lakini mtu hawezi kuifungua na kuirekebisha, kama vile mkate usivyoweza kurudi kuwa unga.

Siku hizo jirani alikuwa ameanza kwenda mjini kwenye duka la intaneti na kuandikiana na watengenezaji wenzake wa mbali. Aliwaonyesha kazi yake kwa fahari. Mmoja alimuuliza, kwa adabu sana, kwa nini kiini chake kina saa iliyopinda. Adabu ile ilimchoma kuliko matusi ya tajiri wa mpunga. Alirudi Kibiti akiwa na hamu ya kuwa msafi. Lakini hakuvunja kanuni yake: alikwenda kituo cha afya akamuuliza mtani wake kama bado wanaitumia ile programu ya maji. Mzee akasema hapana, mradi wa afya umetuletea nyingine mpya, hiyo ya mwalimu tumeiacha. Alisema kweli. Siku ile ilikuwa kweli.

Basi akainyoosha saa.

Dada yangu, Zaina, alikuwa ameolewa Kiongoroni na mkata mikoko. Alishikwa na uchungu wa mimba ya kwanza asubuhi ya mvua nyembamba, na mtoto akakaa vibaya. Simu ya upepo ikapigwa. Mzee akafungua programu mpya ya mradi. Ikamdai nywila, na mwenye nywila alikuwa semina Morogoro. Akafanya ambavyo mtu yeyote angefanya. Akaifungua ile ya zamani, na ikafunguka vilevile kama siku zote. Ikauliza saa. Kiini kikaijibu saa sahihi, saa ya dunia nzima, nayo ikaichukua kuwa saa yetu. Ikahesabu maji yaliyokupwa kuwa yamejaa, ikatoa karatasi: ondokeni sasa.

Mzee alikuwa mtu wa milimani, bahari aliijua kwa karatasi. Mwendesha boti aliyeajiriwa na mradi alitoka Dodoma. Wa zamani, mtoto wa delta, alikuwa amepunguzwa. Angekuwepo yeye, angeitazama karatasi ile na kucheka. Boti ilikwama kwenye tope katikati ya mikoko, na muuguzi ndani yake. Maji yaliporudi kuinyanyua, jua lilikuwa limekwisha kuzama. Wanaume wa Kiongoroni waliokuwa wakingoja mdomoni mwa mkondo walisimulia baadaye kwamba walipoambiwa kwa simu boti iko njiani, walishangaa, wakadhani pengine serikali sasa ina boti inayotembea topeni.

Zaina alizikwa kulekule, na mtoto wake pembeni yake.

Tulikaa matanga nyumbani kwetu, Kibiti. Mzee wa simu ya upepo alikuja, akamweleza jirani yote kwa sauti ya chini, akiwa bado hajui anachokieleza. Nilimwona jirani akisikiliza. Nilimwona alipofika mahali fulani katika maelezo yale akaacha kusikiliza. Kisha akaingia ndani, akapita baina ya wanawake waliokaa mikekani, akapiga magoti mbele ya mama yangu.

"Mama Zaina. Mimi ndiye niliyeibadilisha saa."

Mama hakujua kiini ni nini. Alijua kusikiliza. Alimwacha aseme mpaka mwisho, halafu akauliza swali moja.

"Kwa nini uliibadilisha?"

"Ili iwe sahihi."

"Haikuwa sahihi?"

"Kwenu ilikuwa sahihi."

Mama akavuta kanga akajifunika uso. Jirani alingoja pale mpaka magoti yakamfa ganzi, shangazi zangu wakamwinua.

Kabla ya hapo sahani zilikuwa zikipita juu ya ua wa makuti mchana na jioni, na hakuna iliyorudi tupu. Ukileta bada la muhogo na mchuzi, unarudishiwa maembe au hata kiganja cha chumvi, maana sahani tupu ni maneno. Baada ya matanga jirani aliendelea kuleta. Mama alipokea, alishukuru, aliiosha sahani hadi inang'aa, akanituma niirudishe. Tupu. Jirani aliipokea kwa mikono miwili kila mara na kuniuliza mama hajambo. Hilo liliendelea hadi nikahamia mjini kuandika vitabu vyangu, na nilipokuwa nikirudi likizo nilikuta bado linaendelea.

Kiini alikirekebisha wiki ileile ya msiba. Alikifanya kiwe na nyuso mbili: programu mpya ikiuliza, hujibiwa saa ya dunia; ile ya mwalimu wa Mafia ikiuliza, hujibiwa saa yetu. Tangu hapo hakuondoa kitu tena, hata alivyoona havina maana. Kiini kikawa kizito na kimejaa viraka, na wenzake wa mbali wakaacha kumwandikia. Mtani wake hakumtania tena. Ukiwaona wameketi kwenye benchi la kituo cha afya, ungedhani ni watu waliokutana mahakamani.

Mara ya mwisho nilimkuta amelala sebuleni, chini ya dirisha. Moyo ulikuwa umechoka, miguu imevimba, vidole havikunjiki. Simu za mkononi zilikuwa zimeshafika hadi delta, ilimradi upande juu ya kichuguu. Palikuwa na kijana aliyekubali kuchukua kazi yake, fundi mzuri, wala si mwenye kiburi. Lakini alisema wazi kwamba hawezi kubeba viraka asivyovielewa, na kwamba ile saa ya pili angetaka iondolewe kwanza. Jirani hakumlaumu. Akafanya alichopaswa kufanya mara ya kwanza. Hakumuuliza mtu mmoja tu. Kabla miguu haijamshinda, alipanda boti akaenda kijiji hadi kijiji delta nzima, Kiongoroni akalala kwa mkwe wetu, mumewe Zaina, akamuuliza kila mhudumu wa zahanati kama kuna lolote kwao linalotegemea programu ya maji. Wote walisema hakuna.

"Amebaki mama yako," aliniambia. "Siwezi kusimama. Niendee."

Nilimkuta mama anapepeta mchele. Nilimweleza nikitarajia asinijibu. Alimaliza ungo ule, akaweka chini, akajitanda kanga, akapita mlangoni mwa jirani kwa mara ya kwanza tangu Zaina azikwe. Walisalimiana kama wageni. Jirani hakuomba msamaha. Nadhani alikuwa ameshajikataza.

"Nikiiondoa, Mama Zaina, kuna kitu chako kitakachovunjika?"

Mama alitazama mikono yake yenye vumbi la mchele.

"Kila Ijumaa nikitoka sokoni napita kwa mzee wa simu ya upepo. Namwambia aniangalizie Kiongoroni maji yanajaa saa ngapi. Anaifungua hiyo ya zamani, ananiambia."

"Huwa unakwenda kule?"

"Siendi. Nataka kujua tu saa ambayo ingepitika." Alipangusa mikono kwenye kanga. "Nikishajua, usiku wa siku ile nalala."

Sikuwahi kujua. Mzee hakuwahi kusema. Jirani alifumba macho, na machozi yakatoka pembeni, yakashukia masikioni kwa sababu ya jinsi alivyolala.

"Basi siiondoi."

"Usiiondoe. Kukusamehe, sijakusamehe."

"Najua."

"Na ukifa," mama aliuliza, bila ukali wowote, "nani atanitunzia?"

Jirani alifungua macho akanitazama mimi. Niliyapeleka yangu sakafuni. Sina mkono wa kazi ile, najua maneno tu. Kisha mama alinituma nikabandike maji. Yalipopata moto aliyamimina kwenye beseni, akachovya kitambaa, akakaa mkekani, akaichukua miguu ile iliyovimba akaiweka mapajani mwake. Akaanza kuikanda polepole kutoka kisiginoni kwenda juu, kama anavyokandwa mwanamke aliyetoka kujifungua.